Kisima Chetu Chini ya Bwawa

Enzi zetu, sisi tuliokulia vijiji vya karibu na Sepuka, mto ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Maji yalikuwa chini yake, na kila familia ilikuwa na kisima chake humo, kimezungushiwa miiba ili ng'ombe wasikivuruge. Chetu kilikuwa ubavuni mwa jiwe kubwa. Tulichimba kwa mikono, kisha tukasubiri maji yajikusanye huku tukirushiana mchanga. Mama alikuwa na sheria moja: kata ya kwanza ya maji humwagwa palepale. "Ya kwanza ni ya mto," alisema. Nami na kiu yangu niliitazama ikizama, roho ikiniuma.

Mvua zikinyesha huko juu, mto ulishuka ghafla. Kwetu jua linawaka, lakini ardhi inaanza kunguruma, mara povu, magogo na maji mekundu yanayojaza bonde. Tulisimama ukingoni vinywa wazi. Sijawahi tena kuona kitu kilichonitisha na kunifurahisha kwa pamoja vile.

Siku hizi mto huo umezibwa, kuna bwawa, na bomba karibu kila mtaa. Vijana wakikosa maji asubuhi moja tu, wanalalamika kwenye simu kana kwamba dunia imeisha.

Mama alikataa kwenda kuliona bwawa hilo. "Wamezamisha kisima changu, nikaangalie nini?" Lakini mwaka huu macho yake yameanza kufifia, akasema mwenyewe, "Nipeleke ningali naona."

Tulifika. Maji yalienea mpaka milimani, na jiwe letu limebaki kipara tu, ndege ametua juu yake. Mama alisogea hadi ukingoni.

"Kumbe ulikuwa mkubwa hivi," akauambia mto.

Akafungua kitenge, akatoa kata yake ya zamani, akachota maji, kisha akayamwaga yote bwawani. Kijana aliyekuwa akivua pembeni akatabasamu.

"Shikamoo bibi. Unaliongezea maji?"

"Marahaba. Naupa mto ya kwake."

Ya pili akanywa, akanipa na mimi. Yale ya mchangani yalikuwa baridi na matamu. Haya yalikuwa vuguvugu, yana tope. Niliyamaliza.

Sasa nyumbani kwangu Ikungi nikifungua bomba, kikombe cha kwanza nakimwaga chini ya mpapai. Wanangu wananiambia napoteza maji.