Miti ya Hodi Chini ya Dirisha

Mama hakuwa mtu wa maua. Miti ile mitatu aliinunua sokoni Lewisham, London, kwa sababu ya miba ya majani yake tu. Chumba chetu kilikuwa cha chini, na dirisha lake mtu angeliruka bila ngazi. Alipomuuliza muuzaji jina la mti, akaambiwa holi, yeye akasikia hodi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema huo ndio mti aliokuwa akiutafuta, maana anayekuja bila kupiga hodi, miba itampigisha.

Mimi sikucheka. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua anawakusudia nani. Wakati wa Mapinduzi watu waliingia nyumbani kwetu Unguja kwa dirisha la uani, hawakupiga hodi, wakatoka na baba. Hakurudi. Tangu hapo mama hakulala dirisha likiwa wazi, hata tulipofika London, hata siku za joto la kututoa roho. Sasa akavipanga vyungu vitatu vya miti ile nje, chini ya dirisha, akaanza kulala.

Baridi ilipoingia, mzee wa Kizungu aliyekaa juu yetu alishuka kutueleza, kwa maneno na kwa vidole, kwamba mti huu ukiwa ardhini hauogopi baridi. Ukiwa chunguni ndio taabu, baridi inauzunguka pande zote na mizizi inaganda. Mama alielewa nusu. Aliiingiza miti ndani, akaiweka karibu na hita ya mafuta ya taa kama wagonjwa, akiionea huruma. Haikupita wiki, majani yakaanza kupukutika. Mama aliyaokota kwenye zulia moja moja, akayapanga kwenye ukingo wa dirisha.

"Yakikauka yanachoma zaidi," aliniambia.

Hapo nikaanza kumwogopa mama mwenyewe. Usiku alikuwa hakai kitandani tena. Niliona wazi kuwa miti ile ikifa, hatalala, na asipolala hataweza kazi yake ya kufagia hospitali, na mimi sikuwa na mtu mwingine duniani. Mzee alipoyaona majani yale dirishani alitikisa kichwa, akaonyesha nje. Tukavitoa vyungu. Alisema na mengine, kwamba atakuja, atafunga kitu. Hatukuelewa ni kitu gani, wala lini.

Siku moja nilirudi kutoka skuli theluji ikianguka. Saa kumi tu, na giza lilikuwa limeshaingia. Mama alikuwa bado kazini, na amri yake niliijua kwa moyo: "Usimfungulie mtu, hata akikuita kwa jina."

Nikasikia kitu kinakwaruza chini ya dirisha. Kikanyamaza, kikaanza tena. Vyungu vilikuwa vikiburutwa. Nikajua kuwa wamekuja, na wanaiondoa miba kwanza ili wapate kupita. Nilijikojolea pale pale niliposimama. Kisha mlango ukagongwa, na mtu akasema, "Hodi. Hodi."

Nilisikia hivyo, wallahi. Na kwa akili yangu ya kitoto nikaona nimepona, kwa kuwa wabaya hawapigi hodi. Nikafungua.

Alikuwa yule mzee, kofia yake imejaa theluji. Aliniongoza nje nikaone. Alikuwa ameiegemeza miti ukutani, kila chungu juu ya matofali ili maji yasituame, akavivika magunia na kuyafunga kwa kamba. "Holi," alisema tena, akionyesha, na uso wake ulikuwa na furaha. Mikono yake ilikuwa inavuja damu kwa miba. Nikamwonyesha beseni letu ndani aende akanawe. Mlango nikausahau wazi.

Ndivyo mama alivyotukuta. Mlango wazi, mwanaume katikati ya chumba, mikono ina damu, na mimi pembeni yake nimelowa.

Nilingoja apige kelele. Aliweka mkoba chini taratibu, akavua bangili zake mbili za dhahabu, moja ikamkwama akaivuta kwa nguvu mpaka ngozi ikachubuka. Nilijaribu kusema, "Mama, ni mzee wa juu." Hakunisikia. Alinyoosha mkono, na sauti yake ilikuwa ndogo na ya adabu, sauti ambayo sikupata kuisikia kwake.

"Chukueni," alisema. "Zile za Unguja nilikwishawapa. Chukueni na hizi, mniachie huyu."

Mzee alinitazama nimfasirie. Alikuwa peke yake pale, maji yanamchuruzika mikononi, na mama alikuwa akizipeleka zile bangili kulia, kisha kushoto, kisha nyuma yake, akimpa kila mtu.