Mawe ya Bahari Kitengela

Juzi nilipita Kitengela kwa shughuli zangu, nikaingia hoteli moja kunywa chai. Pale mapokezi waliweka tangi la samaki, nami nikasimama nikiliangalia hadi mhudumu akaniuliza kama natafuta mtu. Mawe yake yalikuwa ya plastiki, yameunganishwa kwa gundi na kupakwa rangi. Mhudumu sikumweleza kitu, lakini wewe nitakueleza, kwa sababu nyumbani kwetu tuliwahi kuwa na bahari ya kweli, papo hapo kwenye vumbi la Kitengela. Na aliyeijenga ni nyanya yangu, ambaye hakuwa ameiona bahari hata siku moja.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho. Ukisimama mlangoni asubuhi uliona pundamilia wakila nyasi pamoja na ng'ombe wa jirani, na jioni upepo ulileta moshi wa kuni na harufu ya samadi. Mama alifanya kazi karibu na uwanja wa ndege, kwenye kampuni iliyopokea samaki wa mapambo kutoka pwani, ikawapumzisha kwenye matangi, kisha ikawafunga katika mifuko na kuwasafirisha ng'ambo. Siku moja wafanyakazi wakaambiwa kampuni inafungwa, kila mtu achukue kinachobebeka. Wenzake walibeba meza na viti. Mama akachagua tangi refu la kioo, pampu, taa na beseni mbili za mawe ya matumbawe. Samaki waliobaki wangekaa kule hadi siku ya kufunga, yaani wiki sita tu. Wasipopata pa kwenda, wangemwagwa.

Baba alilipima lile tangi kwa macho, akauliza kochi litakaa wapi. Kochi likahamia chumba cha watoto.

Kazi ya kwanza ilikuwa maji. Ya kisima cha Kitengela unayajua: yana chumvi, ndiyo, lakini ile ya kutia meno rangi ya kahawia na kuacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Mama alisema hayafai. Tukakinga mvua ya mabati, tukaichuja kwa kitambaa hadi pipani, naye akakoroga humo chumvi ya bahari aliyotoka nayo kazini, akipima kwa kijiti cha kioo kinachoelea. Jirani yetu, bibi wa Kimaasai tuliyemwita koko, alikuja na kibuyu chake cha maziwa. Tukamwinamishia vichwa atuguse kwa salamu ya kwao, kisha akaingia kuona. Aliposikia habari ya chumvi akajitolea kutuletea magadi, kwa kuwa ng'ombe wake wakiyalamba wananenepa. Mama alimshukuru, akamwambia hawa samaki wangekufa. Koko akasema basi hiyo ni mifugo ya shida.

Kilichomshinda mama kilikuwa mawe. Alitaka yapande kama mlima, yawe na mapango ya samaki kujificha na vilele karibu na taa ambapo matumbawe hai yangekaa. Aliyapanga Jumamosi, yakaanguka. Akayapanga tena Jumapili baada ya kanisa, na safari hii jiwe kubwa likaangukia kioo na kukichora mstari mrefu. Tangi halikuvuja, lakini mama alikaa chini sakafuni, mikono yake ikitoka damu kidogo kwa makali ya yale mawe, akasema labda angewaacha tu wale samaki. Wiki mbili zilikuwa zimekwisha, na maji yenyewe yalihitaji karibu mwezi mzima kutulia kabla samaki hajaingizwa.

Nyanya, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Machakos kututembelea. Tangu afike alikuwa akisema wazi kwamba samaki ni wa kuliwa. Alikuwa nje anachambua ndengu. Aliposikia kishindo aliingia, akatazama ndani ya tangi muda mrefu, ungo bado uko mkononi.

"Ni nani alikufunza kusimamisha mawe hivi?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Inaonekana. Hebu nitolee hayo yote nje."

Ujana wake wote nyanya alijenga matuta ya mawe kwenye miteremko ya Ukambani, akiwa na kikundi cha akina mama, ili mvua isibebe udongo. Alitandika gunia uani, akalimwagia maji ya pipa kwa sababu mama alisisitiza mawe yasikauke, vijidudu vyake visife, akaanza kugeuza jiwe moja moja akilitafuta tumbo na mgongo. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akaingiza mkono ndani ya tangi, akayaweka makubwa chini kabisa, juu ya kioo kitupu, akakataa mchanga utangulie. Kila jiwe alililaza likiegemea nyuma kidogo. Alituambia kwamba ukuta wa mawe usioachiwa matundu unasukumwa na maji hadi unaanguka, kwa hiyo akaacha matundu. Na hakuna jiwe lililogusa kioo. Pande zote aliacha nafasi ya kupitisha kiganja.

Alipomaliza aliusukuma ule mlima kwa ngumi. Haukutikisika.

"Sasa leta hiyo bahari yako," akamwambia mama.

Mama alicheka, mara ya kwanza siku hiyo, akajaza maji.

Siku ya mwisho ya kampuni mama alirudi na mifuko iliyovimba hewa, ya samaki na ya matumbawe hai. Tukaiacha ielee juu ya maji hadi joto likalingana, ndipo akawafungulia samaki polepole. Mmoja alikufa usiku huo. Wengine, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe na wa buluu kama wino, waliingia matunduni mwa nyanya kana kwamba wamezaliwa humo. Matumbawe yalichukua siku tisa kufunguka kama maua. Nyanya, aliyekuja kwa wiki mbili, alikaa hadi akayaona, na baadaye kila alipotutembelea alivuta kiti pale kabla hata ya kunywa maji. Koko naye alikaa kando yake, wakizungumza Kiswahili cha kuazima, kila mmoja akimrekebisha mwenzake makosa.

Leo koko hayupo. Mashamba yalipokatwakatwa kuwa ploti familia yake ilihamia upande wa Kajiado. Pundamilia walizuiwa na nyaya. Nyanya alitangulia mbele ya haki mwaka tuliohamia nyumba yetu wenyewe. Kabla ya kuhama, mama alichora yale mawe yote kwenye karatasi, akayapa namba, akaapa kuyarudisha vile vile. Alijaribu wiki nzima, akifuata mchoro, na kila mara kitu kilikataa. Mwishowe aliikunja ile karatasi, akayamwaga mawe kwenye gunia bichi, akaanza kuyageuza moja moja. Mlima ukasimama, na ukadumu miaka mingi. Ulikuwa mzuri sana, nami nasema hivyo bila kumpendelea mama. Ila ule wa kwanza sijauona tena.