Kuku wa Kijivu wa Fundi Cherehani

Siku ya ishirini na moja ilipofika, fundi cherehani hakushona hata pindo. Alikuwa amesogeza kiti chake hadi mlango wa stoo, palipokuwa na mashine ya kuangulia mayai, na tangu asubuhi chai yake ilikuwa imepoa mara mbili.

Mtaani walimwita Bi Kijivu. Si kwa mvi zake, ingawa nazo hazikujificha, bali kwa kuku wake: kijivu cha wingu la mvua, kila unyoya una ukingo mweusi mwembamba kana kwamba umepigwa pindo. Chama cha wafugaji kilikuwa kimeahidi kuja baada ya miezi miwili. Wakianguliwa vifaranga kijivu watupu mbele ya katibu wake, kizazi hicho kingeandikishwa kwa jina lake.

Yai la kwanza likapasuka, akatoka kifaranga mweusi. Wawili waliofuata wakawa kijivu. Wa nne akatoka mweupe mchafu, na hao Bi Kijivu aliwajua: wakikua wanaota madoadoa.

Huu ulikuwa mwaka wa nne. Kila mwaka alitoa weusi na madoadoa, akabaki na kijivu kwa kijivu, na kila mwaka walirudi vilevile. Alikwisha kagua uzio, akaziba hata tundu lisilopitisha panya, kwa hofu ya jogoo wa jirani. Kufikia alasiri vifaranga walikuwa ishirini na wanne, na kijivu walikuwa kumi na watatu tu.

Kesho yake alikwenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, nyumba ya tatu kutoka kwake, kuazima chombo cha kunyweshea vifaranga. Wifi huyo ndiye aliyekuwa akipewa wale waliokataliwa. Siku hiyo alisimama katikati ya mlango.

"Si leo, wifi. Nyumba chafu."

"Tangu lini nikaogopa uchafu wako?"

Nyuma ya nyumba vifaranga walilia. Bi Kijivu akapita. Tetea wa madoadoa alikuwa anaparura chini ya karo la kuoshea vyombo, na nyuma yake vifaranga kumi na mmoja, kijivu wote.

"Hawa wametoka kwenye mayai yangu," akasema.

"Mayai gani? Wametoka kwa kuku wangu. Hii mara ya pili wanatoka kijivu. Niliwaficha kwa sababu nilijua utasema hivyo."

"Jogoo wako mweusi, matetea wako madoadoa. Kijivu umekitoa wapi?"

"Basi niite mwizi, nikusikie vizuri."

Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Bi Kijivu alimwona, na bado neno likamtoka.

"Mwizi."

Jioni mumewe alisukuma sahani. "Umemwita dada yangu mwizi kwa sababu ya manyoya?" Siku mbili mkewe alikata vitambaa kombo, na sindano ikamchoma kidole.

Siku ya tatu bwana mifugo alikuja kuchanja. Bi Kijivu akamuuliza kwa mbali kuhusu rangi za vifaranga, kama anayeuliza habari za mtu mwingine. Bwana mifugo akaokota vitambaa chini ya meza, akavipanga.

"Mama, kijivu hakijitegemei. Kila kuku hurithi vipande viwili vya rangi hii, kimoja kwa baba, kimoja kwa mama. Kuna kinachoacha weusi kama ulivyo, na kuna kinachoupausha. Akikosa cha kupausha, mweusi. Akipata kimoja, kijivu. Akipata vyote viwili, mweupe wa madoadoa. Ukipandisha kijivu kwa kijivu, kwa kawaida nusu ndio watakuwa kijivu, hata uchague miaka hamsini. Unachoweza kuchagua ni kukolea kwake tu, kiwe cha majivu au cha wingu."

"Na mweusi kwa madoadoa?"

"Hapo kila mmoja anapata kimoja kimoja. Kijivu watupu."

Chaki ya kuchorea vitambaa ikamponyoka Bi Kijivu. "Kwa hiyo wale niliowatoa..."

"Ndio uliowahitaji, mama."

Hakusubiri amalize kuchanja. Getini kwa wifi yake akabisha kwa kidole kimoja. Wifi alitoka na unga mikononi, akamsikiliza akiomba radhi mpaka mwisho.

"Ulisema jirani akisikia," akajibu.

Bi Kijivu akageuka, akaenda kwenye ukuta, akamwita yule jirani mpaka akatokeza kichwa. "Nilimsingizia wifi yangu. Hakuiba hata yai. Mjinga ni mimi." Jirani akabaki na kibanio cha nguo mkononi.

Wiki tatu kabla ya chama kuja, wifi alitoa mayai ishirini, yakaingia kwenye mashine. Katibu wa chama alipofika, Bi Kijivu alikuwa amekunja leso hadi ikawa kamba, akitazama kila ufa. Bwana mifugo huenda alikosea. Huenda jogoo wa mtu aliruka ukuta. Yai moja halikuanguliwa. Waliotoka walikuwa kumi na tisa, kijivu wote.

"Niandike jina la nani?" katibu akauliza.

"Mawili. La kwanza la wifi yangu."

Wifi alitia sahihi, akajifuta wino. "Ahsante, fundi," akasema, na kutoka. Miaka ishirini alikuwa akimwita wifi, hakuwahi kumwita fundi kama mteja. Bi Kijivu alisimama dirishani akamtazama mpaka akaingia kwake, akiwaza kesho aende na nini, na kama mlango utafunguliwa.