Koti Jeupe la Ayo Hyasinta

Koti lile nililinunua mimi. Nalisema mapema, ili nisisikie mtu mwingine akiniambia.

Nilikuwa mnadani Karatu nikichambua mitumba, nikakutana na koti jeupe la daktari, bado zima, mfukoni limedariziwa jina la mzungu fulani kwa uzi wa bluu. Hapohapo nikamkumbuka Ayo Hyasinta. Ayo ni mama kwa Kiiraqw, na pale Qurus hata sisi tuliotoka Singida kuja kuchuma kahawa tunamwita hivyo, maana karibu kila nyumba ina mtu aliyeungwa mfupa na yeye. Mimi aliniunga mkono wa kushoto miaka tisa iliyopita, nilipoanguka kutoka kwenye trela la shamba. Anakupaka samli, anafumba macho, vidole vyake vinatafuta palipovunjika, na wakati huo anakutaka umtajie majina ya wajomba zako wote. Nilipofika kwa mjomba wa tatu, akavuta! Mjomba wa nne sijamtaja mpaka leo.

Basi nikampelekea koti liwe shukrani yangu. Jamani, alivyofurahi! Mama wa miaka sitini na saba alilivaa juu ya khanga, akazunguka uani kama bibi harusi, na tangu siku hiyo kila mgonjwa alipokuja, koti lilikuwa mwilini. Mtu akampiga picha, picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la kata. Wiki mbili hazikupita, barua ikaja kutoka wilayani: Hyasinta aache kutibu mpaka mkutano wa kijiji uketi kumjadili.

Aliyepeleka picha wilayani ni Felisiani seremala, na wala hakuficha. Nilimkasirikia mpaka nikakosa usingizi, lakini aliyenikera zaidi nilikuwa mimi mwenyewe. Nikapanda pikipiki mpaka kwa Bi Janeth, mratibu wa tiba asili wa wilaya, nikitegemea kufukuzwa. Akanipa kiti.

"Kaka yangu, sheria haimdai mama huyu leseni ya udaktari," akasema. "Watu wa tiba asili wana mlango wao. Jamii yake imtambue, asajiliwe, aendelee na kazi. Asichoruhusiwa ni kujifanya daktari. Hilo koti ndilo linalomponza."

"Na kijiji kikimkataa?"

"Basi ndiyo mwisho. Sitaweza kumsajili."

Nilirudi Qurus, nikamweleza Ayo habari ya koti. Mwanamke hajui kazi nyingine, na hii aliipokea kwa mama yake mzazi. Leo aipoteze kwa sababu ya mtumba wangu!

Siku ya mkutano, ofisi ya kijiji ilijaa watu mpaka barabarani. Kulikuwa na baridi, vumbi jekundu limetupaka sote, na moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko siku ile ya trela. Mwenyekiti Qamara alifungua mkutano, kisha akamkaribisha Bi Janeth.

"Mama Hyasinta, shikamoo. Lile koti liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ninalo hapa."

Akafungua kikapu. Nilichungulia, nikaona mabunda ya vitambaa vyeupe vilivyoviringishwa vizuri. Alikuwa amelichana koti zima vipande vyembamba vya kufungia banzi, na kwenye kipande kimoja jina la yule mzungu lilikuwa bado linaonekana. Watu wakacheka. Mimi nilicheka huku machozi yakinilengalenga, kwa sababu lilikuwa zuri lile koti.

"Sikujua kama lina makosa," akasema Ayo. "Nilidhani ni nguo."

Bi Janeth akaandika, akainua kichwa. "Sasa nataka kusikia kwenu. Nani ana neno?"

Felisiani alikuwa amesimama kabla swali halijaisha. Akapandisha mkono wa shati, akaonyesha kovu refu kwenye mkono wa kulia.

"Mimi alinikataa! Nilianguka kutoka kwenye paa, mfupa ukatoka nje ya ngozi, nikaletwa kwake nalia. Hakuugusa! Akaufunika kwa kitambaa safi, akasimamisha pikapu ya watu, nikapelekwa hospitali. Wiki tano nimelazwa! Halafu namwona kwenye simu amevaa koti la udaktari. Daktari gani anayekataa mgonjwa?"

Kalamu ya Bi Janeth ikasimama. "Alikukataa kwa sababu mfupa ulikuwa nje?"

"Ndiyo!"

"Akakutuma hospitali siku hiyohiyo?"

"Saa hiyohiyo!"

"Asante, baba. Nilikuja na swali moja gumu, kama huyu mama anajua mahali kazi yake inapoishia. Umenijibu."

Kicheko kilicholipuka pale kilisikika mpaka shuleni. Felisiani alibaki kasimama, kovu lake bado liko hewani. Nilitaka kumzomea, sikuweza, nilikuwa na furaha mno.

"Tupige kura," akasema Qamara. "Anayemtambua Hyasinta kuwa muunga mifupa wetu, anyooshe mkono."

Nikanyoosha wa kushoto. Nyuma yangu nikasikia nguo zikichakarika, nikageuka, na sikuona nyuso kwa wingi wa mikono.

Ayo naye hakuangalia nyuso. Alisimama, akaanza kuisoma mikono mmoja mmoja kwa kidole, kwa sauti ya kujisemea.

"Huo wa punda. Huo wa parachichi. Huo alivutwa na ng'ombe wa jembe, siku ya Pasaka. Huo wa trela." Akanitazama, akatabasamu, kidole kikahamia kwa jirani yangu. "Huo nilikosea mara ya kwanza, nikaurudia."

Qamara alikuwa ameacha kuhesabu. Mwishoni kabisa, taratibu, karibu na mlango, ukanyooka mkono wenye kovu refu.

Ayo akauangalia muda mrefu kuliko mingine yote.

"Huo si wangu," akasema. "Wameuunga vizuri sana."