Rangi ya bwawa la zege: sketi ya shule ya binti yangu ilivyonifundisha kuchagua

Wakuu, salaam kutoka Kamina, huku Haut-Lomami, Kongo.

Nimeona ndugu mmoja humu anauliza apake rangi gani bwawa lake la zege, na karibu kila jibu linataja jina la kopo tu. Ngoja niwape yaliyonikuta mimi, bila chumvi. Kiswahili changu ni cha Katanga, nimejitahidi kukinyoosha, mtanivumilia.

Nina nyumba ndogo ya wageni aliyoiacha marehemu baba. Nyuma yake kuna bwawa la zege ambalo lilikaa kavu miaka mingi. Tulikuwa tunaanikia mahindi humo. Mahindi yanakauka vizuri sana bwawani, lakini hiyo siyo mada.

Mwaka jana nikaamua kulifufua. Sababu kubwa haikuwa wageni. Binti yetu Numbi kila likizo anakwenda Mulongo kwa wajomba zake, wavuvi wa Lualaba, na alikuwa hajui kuogelea hata kidogo. Nilitaka ajifunze hapa nyumbani, mbele ya macho yetu.

Tatizo ni mama yake. Mdogo wake mke wangu, wa kiume, alizama akafa huko Mulongo wakiwa watoto. Alinieleza wazi kwamba Numbi haingii kwenye maji yoyote mpaka yeye mwenyewe aridhike. Nikamwitikia tu. Moyoni nilijua nikilipendezesha bwawa, ataridhika.

Sasa kosa la kwanza. Mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa fundi wa mabehewa, na sisi watoto wa reli tunaiamini rangi ya behewa kuliko dawa ya hospitali. Behewa linapigwa jua, mvua na vumbi lote la njia ya Kaniama, na rangi iko palepale. Nikapata makopo ya rangi ya mafuta ya aina hiyo, kijani iliyokolea, nikapaka bwawa zima. Majirani, wana reli wenzangu, walikuja kunipongeza.

Nikajaza maji. Haukupita muda yakatokea malengelenge, kisha rangi ikaanza kubambuka vipande vipande.

Nikampigia muuza rangi wa Lubumbashi. Akacheka kwanza, halafu akanieleza kwamba ile ni rangi ya chuma. Zege lina ukali kama wa chokaa, na likishika unyevu ukali huo unaila rangi ya mafuta kutokea nyuma. Wana reli wakaacha kuja kunipongeza.

Basi nikakwangua. Wakuu, kukwangua bwawa ni adhabu. Brashi ya waya, msasa, mgongo unawaka. Lakini usijaribu kuruka hatua hiyo, maana rangi ya chini ikiachia inaondoka na ya juu yake.

Baadaye unaosha kwa tindikali iliyozimuliwa. Vaa glavu na miwani, na umimine tindikali kwenye maji, usimimine maji kwenye tindikali. Suuza sana, acha likauke. Kujua kama limekauka kweli, bandika kipande cha plastiki sakafuni jioni, uzibe kingo zote. Asubuhi ukikuta matone chini yake, bado.

Safari hii nikaagiza epoksi ya mabwawa, ile ya makopo mawili unayochanganya. Nikachagua bluu nzito kabisa, kama ya kwenye picha za hoteli. Angalizo: ukishachanganya, paka haraka. Jua la Kamina lilinigandishia mchanganyiko mzima ndooni.

Nikasubiri ikomae kama maelekezo yalivyosema, nikajaza maji, nikaita familia. Lilikuwa zuri, sitaki kusema uongo. Nilijiona bwana mkubwa.

Mke wangu alilitazama. Akaingia ndani, akatoka na sketi ya shule ya Numbi. Huku sare ya shule ni shati jeupe na sketi ya bluu iliyokolea. Akafungia jiwe ndani yake, akaitupa upande wa kina kirefu. Ikazama.

"Baba Numbi, unionyeshe fasi mutoto iko."

Nikatazama majini kutafuta mahali hapo. Nikazunguka upande wa pili, nikidhani ni jua. Maji masafi kabisa, sketi imo, na sikuiona.

"Ya ndugu yangu njo ilikuwa vile," akasema, akimkumbuka yule mdogo wake aliyezama. "Bantu balisimama pembeni, na yeye iko mule chini. Miye hapana kuogopa maji. Miye naogopa maji yenye kuficha mutoto."

Niliona aibu, kisha nikaogopa kabisa. Watoto wa wageni nao wangecheza pale.

Nikatoa maji. Nikapiga msasa tena, nikapaka epoksi ileile, nyeupe. Wana reli wakasema nimejenga bafu. Nyeupe inaonyesha uchafu haraka, ni kweli, utasugua mara kwa mara. Lakini maji yakijaa yanajitia bluu yenyewe, hafifu, wala hukosi uzuri.

Tukarudia na sketi ileile. Tuliiona tukiwa barazani.

Siku ya kwanza Numbi alipoingia majini na mimi, mama yake hakuketi. Alisimama ukingoni mpaka tulipotoka. Jumapili iliyopita alikaa barazani akichambua sombe, yale majani ya muhogo, binti anapiga mbizi, na kwa muda mrefu tu nilimwona anaangalia sombe yake.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza: zege jipya liache likomae, la zamani likwangue, rangi ya chuma waachie wenye mabehewa. Aina ya rangi inalinda bwawa. Mimi nilisahau kwamba kuna mtu wa kulindwa pia.

Wenye mabwawa, mafundi, wanaopinga, karibuni mseme yenu. Ila kabla hujabishana na mimi kuhusu bluu nzito, chukua kwanza nguo ya mwanao, uifungie jiwe, uitupe, halafu uje uniambie kama umeiona.