Kidawida cha Kwenye Simu

Mimi ni Mkamba niliyezaliwa Voi, nikaolewa na Mtaita wa Ronge. Miaka yote mama mkwe na mimi tulizungumza Kiswahili, na Kidawida, lugha ya Wataita, sikukishughulikia. Kisha mama mkwe akapata kiharusi. Alipotoka hospitali mkono wake mmoja ulikuwa mzito, na Kiswahili kilikuwa kimemtoka kabisa. Kidawida kilibaki, neno moja moja, kwa taabu.

Wifi yangu ndiye aliyekuwa akimtunza huko Ronge. Nikienda Jumamosi kumsaidia, yeye hushuka shambani, nami nabaki jikoni na mama. Nikimwuliza kama anataka uji, ananitazama, kisha anageuza uso. Iliniuma kuliko kama ningemwona akilia.

"Nifundishe Kidawida," nilimwambia wifi.

"Na wewe uko Voi wiki nzima?"

"Nitumie kwa simu."

Akaanza kunitumia jumbe za sauti: salamu, maji, njaa, maumivu. Nilizisikiliza nikipika na nikifua, nikizirudia kwa sauti hadi jirani akauliza naongea na nani. Mtandaoni nilitafuta masomo ya Kidawida nikaambulia nyimbo za kanisa na video za harusi, basi nikashikilia sauti ya wifi. Najirekodi, namtumia, naye ananijibu, "Hapo unaongea Kikamba."

Asubuhi moja ulikuja ujumbe usio wa wifi. Mama alikuwa amenisikia kwenye rekodi nikisema "Kwawuka mana," yaani umeamkaje, akanyoosha mkono apewe simu. Sauti yake ilikwama katikati, lakini alilitamka neno hadi mwisho, jinsi linavyotakiwa. Halafu akacheka. Hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka tangu augue. Niliacha nguo kwenye beseni nikausikiliza tena.

Tangu siku hiyo mwalimu akawa yeye. Wifi anasema kunirekebisha kulimfungua mdomo kuliko sisi kumbembeleza aongee. Mimi sijui. Daktari alituambia tu tusiache kuzungumza naye.

Siku hizi akikataa uji naelewa sababu: sukari ni kidogo. Kiswahili chake kimeanza kurudi vipande vipande, anakitumia na wageni. Kwangu ni Kidawida tu, na nikikosea ananirudisha mwanzo. Juzi mume wangu alilalamika kwamba habari za mamake anazisikia kwangu.

"Mpigie," nikamwambia.

"Nimempigia. Ameniambia niongee haraka, anakungoja wewe."