Shimo Moja, Salamu Maria Moja

Wajukuu zangu wa Kasese wananiambia kuna watu wanakaa kwenye mkeka, wanafumba macho, wanavuta pumzi polepole, eti wanatuliza akili. Haya bwana. Ukikaa hivyo mchana kweupe, mama yangu angekuuliza ni wapi panapouma.

Yeye alitulia kwa jembe. Miaka ya sitini tulikimbia vita kutoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, tukapata kashamba juu ya Bwera, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba unalima huku umeuegemea mlima. Msimu wa maharagwe mama alitangulia akipiga mashimo, mimi nyuma nikitia mbegu na kufukia kwa mguu. Rozari ilibaki nyumbani kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Kila shimo lilikuwa Salamu Maria moja, kimoyomoyo, na hakuna kuzungumza. Nami nilivyopenda maneno! Akili ilinitoroka hadi sokoni, nikafukia mashimo matupu. Maharagwe yalipoota, mama alipita mistari, akasimama penye pengo.

"Hapa ulikuwa wapi, mutoto wangu?"

Hakugomba. Aliuliza kama mtu aliyenitafuta asinione. Swali hilo liliniudhi sana wakati ule, na leo ningetoa chochote niulizwe tena.

Miaka ya sabini, mimi nikiwa mtu mzima, alivuka kwenda Butembo kumuuguza dada yake. Alisema atarudi kabla ya kupanda. Askari wakafunga mpaka pale Mpondwe, na miguu yake ilikuwa haiwezi tena njia za porini. Mvua ikaanza. Nikapanda peke yangu, ili akirudi akute shamba limejaa. Nikipiga jembe na kuomba kimya, pumzi na jembe vikienda pamoja, nilimsikia kabisa mbele yangu, hata kikohozi chake. Nyumbani nilimlilia tu. Shambani nilikuwa naye.

Asubuhi moja jirani yetu, mwanamke aliyekuwa akivusha chumvi kwa njia za porini, alipanda mteremko akasimama mwisho wa mstari wangu. Alikuwa ametoka Butembo. Hakunisalimia.

"Weka jembe chini kwanza," akasema.

Nilijua nikiliweka tu, mama atakuwa amekufa. Nikaendelea kupiga mashimo kumwelekea, polepole, nikiomba mstari usifike miguuni pake.